Ndege Nane za Mitumba

Aoko, jirani yangu hapa Umoja, alicheka hadi akashika mbavu. "Mama Ndete, kumbe hata jeshi linavaa mitumba?"

Nilimwacha acheke. Mimi nauza mitumba, na makarani wa mtaa huu nimewavika mimi. Kitu kutumiwa si aibu. Aibu ni kununua bila kukagua.

Ndege zenyewe zilikuwa nane, za kivita, zimeshatumika ng'ambo. Tulizokuwa nazo zilikuwa zimechoka, na mpya zingefika baada ya miaka minne, kwa hiyo wakubwa walitaka hizi za kusogezea siku. Mume wangu Mbaluka, fundi mkuu katika jeshi la anga, ndiye aliyetumwa kuzikagua. Na mwanetu Ndete alikuwa mmoja wa marubani watakaozirusha. Sahihi ya baba ndiyo ingempandisha mtoto angani.

Asubuhi ya safari nilitandaza koti moja la ngozi mezani. "Baba Ndete, mteja mjinga hutazama kifua. Mimi nageuza ndani nje, natazama kwapa. Nikiona rangi mpya mahali pamoja tu, naikwangua kwa ukucha. Hakuna mtu anapaka kiraka kimoja bila sababu."

"Ndege si koti," akanijibu, akicheka.

Nilikasirika! Hata hivyo nilimfungia njugu zake za njiani.

Alirudi baada ya wiki mbili, amekonda. Aliketi bila hata kuvua viatu, akanisimulia. Ndege zote ziling'aa, na vitabu vya matengenezo vilijaa mihuri. Wakubwa aliofuatana nao walitaka atie sahihi waende chakula cha mchana. Kalamu alikuwa nayo mkononi. Ndipo akainama chini ya ndege ya tano, pale bawa linapoungana na kiwiliwili, akaona kiraka cha rangi mpya. Akakikwangua. Chini yake palikuwa na ufa wa shubiri nzima.

"Nikasema sitii sahihi mpaka rangi itolewe kwenye maungio ya zote nane. Wakanifokea. Mmoja akaniambia nitarudi nyumbani sina kazi."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia basi nitauza nguo na mke wangu."

Jamani, miaka ishirini na sita ya ndoa, sijawahi kumpenda mtu huyu kama siku hiyo.

Rangi ilitolewa. Mbili zilikataliwa. Sita zilikuwa nzima, zikanunuliwa, na Mbaluka akabaki na kazi yake.

Jumapili baada ya kurusha mojawapo kwa mara ya kwanza, Ndete alikuja kula kwetu. Baba yake alimuuliza kama aliogopa.

"Kidogo," akasema. "Lakini kabla ya kupanda, rubani hupewa kitabu cha ndege aone ni fundi gani ameikubali. Nikaona jina lako, mzee. Nikakifunga, nikapanda."

Mbaluka aliinuka, akaenda jikoni kutafuta maji, ilhali jagi lililojaa lilikuwa mbele yake mezani.