Mtihani wa Kuvunja Mlango

Siku ile mjinga alikuwa Fortunat, tusimsingizie mwingine. Alifundisha usalama wa kompyuta kwa mtandao, yeye kwake Goma, wanafunzi wake wametawanyika hadi mji wa Kiwanja. Maabara yao ilikuwa mashine za kuigiza: kompyuta inayoishi ndani ya kompyuta nyingine, unaivunja upendavyo na hakuna anayeumia. Kupakua mashine mpya ya mtihani kungemlia mega zote za intaneti za wiki. Akanakili mashine yake mwenyewe iwe ya mtihani, akafutafuta faili zake mbio mbio, akajiona mjanja.

Kazi ilikuwa moja: ingia, tafuta neno la siri, lisome. Anayeshindwa anaiaga kozi.

Uwimbabazi alifuata masomo kwa simu, huko kambi ya waliokimbia vita ya Kanyaruchinya, mvua ikipiga turubai juu ya kichwa chake.

"Mama Uwimbabazi, funga mikro," alisema Fortunat. "Mvua kwenye bâche yako inafundisha kunishinda."

Darasa likacheka. Fortunat akanogewa.

"Muache, anavunja mashine na kidole kimoja! Kile kingine kimeshika hema!"

Sylvie, mkuu wa kozi, naye alikuwa kwenye mtandao akisikiliza.

Zilipobaki dakika mbili Fortunat akamwita tena. "Aga wenzako, mama. Tupishe wenye kompyuta."

"Niko ndani, assistant. Neno ni *makala*."

Lilikuwa lenyewe.

"Na kuna liste hapa pembeni, kati ya faili zilizofutwa," Uwimbabazi akaendelea, sauti yake shwari. "Résultats za mtihani wa leo, zimeandikwa jana. 'Uwimbabazi: amefeli. Mutu wa téléphone, anatuchafulia promotion, darasa nzima.'"



"Hiyo ni yangu!" Fortunat alifoka. "Nilifuta! Umeingia mahali sikukutuma!"

"Amepita," alisema Sylvie.

"Amepita nini, Mama Sylvie? Huyu ni mwizi! Tunafundisha usalama ao tunafundisha wizi? Mutu wa adabu angegeuza macho!"

"Jibu wewe, Uwimbabazi," alisema Sylvie.

"Mwizi anabeba ya wenyewe, assistant. Miye mule ndani nilikuta jina langu, na ulikuwa umeshaliua tangu jana."