Perege wa Kisima cha Mzee Chome

Perege alikuwa amepungua tena. Mwanatumu aliinama juu ya kisima, ndoo mkononi, akamtazama akizunguka majini taratibu. Jana alikuwa mpana kama kiganja. Leo hakuzidi vidole vitatu. Samaki gani huyo, jamani, anayekua kurudi nyuma?

Pale kijijini, nyuma ya Msambweni, kila kisima kina perege wake. Akiwa hai, maji ni salama. Ndivyo walivyopima tangu enzi za mababu. Msimamizi wa kisima hiki ni mzee Chome, na samaki akimfia, aibu ile ataipeleka wapi?

Lakini tangu mvua za mwaka huu vyura walikuwa wamenyamaza kimya. Maji yakawa na ladha ya msumari. Mjukuu wa Mwanatumu, Hasina, akatokwa na vidonda mdomoni. Serikali ikaleta boza, lori la maji, kila wiki, na leo afisa wa maji alikuwa anashuka kutoka Kwale kuamua kama liendelee kuja.

Mwanatumu hakupenda kubishana bila ushahidi. Juzi alimvua yule perege kwa ndoo, akampunguza ncha ya mkia kwa mkasi, akamrudisha. Huyu wa leo mkia wake ulikuwa mzima.

Afisa, kijana aitwaye Mwero, alifika saa nne. Alimwamkia vizuri, shikamoo mama, akaeleza kwamba maabara ya kupima maji ina foleni ya miezi mitatu. Kisha akachungulia kisimani, akampiga perege picha, akaandika.

"Mwanangu, huyu si samaki wa juzi," Mwanatumu alimwambia. "Wa juzi nilimkata mkia."

"Mama, samaki yu hai. Niandike nini tena?"

Alimsihi akae mpaka alasiri ajionee kama huyu naye atadumu. Afisa akasema ana visima vitatu vingine. Akatia sahihi: maji ni salama, boza la jana lilikuwa la mwisho. Muda wote huo mzee Chome, aliyesimama kando yao, hakuinua uso.

Mwanatumu akakaa peke yake kando ya kisima. Hapakuwa na upepo wala ndege. Adhana ya alasiri ilipokwisha, perege alilala ubavu, akazunguka mara mbili, akageuza tumbo jeupe juu.

Mzee Chome akatokea nyuma ya ukuta na ndoo yenye kifuniko. Ndani yake kitu kilikuwa kikigonga plastiki, ta, ta, ta.

"Umebadilisha wangapi, mzee?"

"Kumi na mmoja." Mzee aliikumbatia ndoo. "Nilichelea mtaingiwa na hofu."

Hasira ilimpanda Mwanatumu. Alimpokonya ile ndoo, akaikalia.

"Mwache huyu aelee. Waje wamwone."

Jioni wanawake walikuja na mitungi yao, mmoja mmoja. Walichungulia, wakatazamana. Hakuna aliyeteka, na hakuna aliyeondoka. Hasina akapenya katikati yao, akamvuta bibi yake leso, akaomba maji.