Mtoto wa Kuazima

Kanisa letu la Katindo limejengwa juu ya lava ya volkano iliyolimeza kanisa la kwanza. Wengine wangeona hilo ni onyo. Wazee wetu waliona ni msingi wa bure. Katika kanisa lile la kwanza lilipona jiwe moja tu la ukuta, jeusi, kubwa kama mkate. Kila mwaka, Jumapili ya shukrani, mzee kuliko wote hulishika na kuwashukuru waliotangulia. Kisha huliweka mapajani mwa mtoto mchanga kuliko wote na kuwashukuru watakaokuja.

Mwaka huu mzee tulikuwa naye. Mtoto ndiye aliyekosekana. Si kwamba waumini wameacha kuzaa, la hasha. Wanazaa kwa bidii, ila wanazalia Kampala na kokote walikokimbilia.

Mzee wetu ni Koko Nyiransabimana, bibi wa kanisa zima. Macho yake yameingiwa na wingu, na miguu imevimba hadi viatu vimemsusa. Mjukuu wake Sylvie alijifungua mjini Kiwanja, mtoto wa kike, Munezero, ambaye Koko hajawahi hata kumgusa. Sylvie alipiga simu mara ya mwisho akiwa amekimbia vita.

"Koko, tunalala mu mashamba, hata maziwa yamekauka. Lakini siku ya shukrani tutafika na pikipiki."

Tangu hapo, kimya. Koko naye alikwisha kutangaza: "Nikishamushikisha Munezero jiwe, Mungu anichukue tu."

Jumapili ilifika. Pikipiki haikufika. Hapo mimi, Tuyisenge, niliyewahi kumfunga mbuzi wa shule yetu ya bweni tai ya mkuu wa shule (mbuzi akahudhuria kupandishwa bendera kwa heshima kuliko mwenye tai), nilishukiwa na roho ya utumishi. Nikaenda kwa Mama Micheline, anayekaanga mandazi ng'ambo ya barabara.

"Mama, niazime Kakule."

"Umupeleke wapi mutoto wangu?"

"Kwa kanisa letu. Ibada ikiisha namurudisha."

"Kwa Baprotestanti? Weye Tuyisenge uko na kichwa kweli?"

"Tutamurudisha pamoja na ukatoliki wake wote, mama. Hatutapunguza hata kidogo. Ni juu ya Koko, apate mutoto wa kushikisha jiwe."

Micheline alipindua mandazi, akanitazama, akatazama barabara inayotoka Rutshuru, ambako Sylvie angetokea. Kisha akamfungua Kakule mgongoni. Nilimvika mvulana huyo gauni la waridi la mdogo wangu. Halikufunga nyuma. Nilifunika aibu hiyo kwa kitenge.

Nilipoingia naye na kutangaza kwamba Munezero amefika, kanisa zima liligeuka kututazama. Pasta Havugimana aliyatazama mabati kana kwamba anatafuta panapovuja. Hakuna aliyenipinga. Nadhani hakuna aliyekuwa na wazo bora.

Koko alilishika jiwe, akaanza. "Bwana, asante kwa Sebahire, aliyebeba mimbari mugongoni, moto ukimufuata. Asante kwa Thérèse, aliyetufundisha kuimba tukiwa chini ya hema. Asante kwa wote waliosema tujenge tena palepale."

Kisha akaliweka jiwe kando, akanyoosha mikono. Nilipiga magoti na kumweka Kakule mapajani mwake. Koko akamwinua kidogo. Akaninong'oneza:

"Tuyisenge."

"Ndiyo, Koko."

"Huyu mutoto ni muzito."

"Mungu ni mwema, Koko."

"Wa Sylvie hawezi kuwa muzito hivi."

Nilikuwa nimetayarisha majibu kuhusu nywele, kuhusu kilio, hata kuhusu harufu ya mandazi. Uzito niliusahau.

"Ni wa nani?"

"Wa Mama Micheline."

"Mukatoliki?"

"Kabisa. Na ni mwanaume."

Mabega yake yalitikisika. Sikujua kama ni kicheko. Halafu akapaza sauti, kanisa zima likasikia: "Bwana, asante kwa Kakule, ambaye si wetu, na mama yake aliyetuazima. Asante kwa watakaokaa hapa, hata kama hatutawajua."

Watu walisema amina kwa sauti ndogo. Lakini jiwe hakuliweka mapajani mwa Kakule. Alilifunga ndani ya kitenge chake, kama mtu anayemwekea Munezero.

Baada ya ibada alitaka kukaa kwenye ngazi, bado amempakata yule mtoto.

"Mupigie Sylvie."

Nikapiga. Yule dada wa simu akanijulisha, kwa Kifaransa safi kabisa, kwamba nambari haipatikani.

"Anasema nini?"

Mimi, ambaye maishani sijakosa uongo hata mmoja, nilimwambia ukweli.

"Haipatikani, Koko."

"Rudilia."

Nikarudilia. Mama Micheline alivuka barabara akijifuta mikono yenye unga, akaja kuchukua mtoto wake. Alimwona Kakule amelala katika gauni la waridi, mkono wa Koko ukimpapasa mguu mnene, polepole, kana kwamba anaupima. Micheline hakumchukua. Aliketi nasi.

"Rudilia tena," Koko akasema.

Mandazi yakaanza kuungua ng'ambo ya barabara. Sote tuliisikia harufu. Nikapiga tena.