Chui wa Njia ya Juu

Mvua zilikuwa zimekata njia ya mlimani karibu na Kolo, kwa hiyo mzee Abeli, mwongoza watalii, alimpitisha Penina, mwanafunzi kutoka Dodoma, kwenye majabali ya juu. Huko wakakutana na chui jike mwenye watoto.

"Usikimbie, mwanangu," Abeli alinong'ona.

Chui alimrukia mzee, akamng'ata bega na kumwangusha. Penina alichukua panga la mzee lililodondoka, akamkata mnyama shingoni mara tatu, damu ikimrukia usoni, mpaka chui akalegea. Kisha Penina alilifunga jeraha la bega kwa kanga yake, akamshika mzee kiunoni, wakateremka taratibu. Nyuma yao watoto wa chui walilia, na Penina akalia pia.

Abeli alipona, ila mkono wake wa kulia haukuinuka tena.