Chupa za Prokopiy

Kila jioni, baridi ikishakaza, jirani yangu Prokopiy huanika chupa za dizeli uani kwake kama mzazi aanikavyo nepi. Huchota kidogo kutoka kila tangi lake la mafuta, huifunga chupa uzi shingoni, huitundika kwenye ua, kisha huenda zake kulala. Asubuhi hutoka na kofia yake ya manyoya akaziinamia moja moja. Dizeli ikibaki angavu, lori linaondoka. Ikiwa imeganda, nyeupe kama uji, tangi zima linamwagwa. Mwanamume na ndevu zake, anasubiri ruhusa ya chupa ya jamu.

Mimi Byargen nimeendesha lori majira ya baridi thelathini na moja, na chupa yangu ni pua. Nikinusa dizeli najua kama ni ya kiangazi, ile igandayo baridini, au ya baridi. Naivisha injini blanketi zito, naziba rejeta kwa kadibodi, na kuanzia Oktoba hadi Machi siizimi, inanguruma usiku na mchana. Basi. Hayo mengine ni woga tu uliojivika ualimu.

Asubuhi moja ya Januari, nyuzi hamsini na mbili chini ya sifuri, pampu ya boila ya kijiji cha juu ya mto ilikufa. Boila hiyo moja ndiyo inayopasha joto shule, zahanati na nyumba zote za walimu. Walikuwa na pampu kuukuu ya akiba, na fundi wao alisema kwa simu kwamba ikifika jioni itakuwa bahati. Ikisimama, maji yataganda na mabomba yatapasuka. Binti yangu Kyunney anafundisha shule hiyo. Mjukuu wangu alikuwa na wiki sita.

Pampu mpya ikapakiwa kwenye lori langu, kwa kuwa kila mtu anajua nani ana mwendo hapa mjini. Nilipopita kwa Prokopiy, alikuwa amesimama mbele ya ua wake. Chupa nne zilikuwa angavu. Ya tano ilikuwa nyeupe.

Nikashusha kioo. "Jirani, siku hizi unauza maziwa?"

"Hiyo ya mwisho ni yako," akasema. "Nimeichota jana kwenye tangi lako la pili. Ulijaza ya baridi juu ya mabaki ya kiangazi, Byargen. Imwage kwanza."

"Kumbe na wizi umeanza."

"Nipe saa moja tu, tuimwage pamoja."

"Saa moja! Huko mtoto anaganda, wewe unaniletea mambo ya chupa." Nikasonya. "Mwenye macho haambiwi tazama, bwana. Mimi nilianza kuyatazama mafuta wewe hujaota jino."

Nikaondoka. Nilimwona kwenye kioo cha pembeni akiwa bado amesimama palepale, na nikamdharau hata kwa kusimama kwake.

Tangi la kwanza lilinifikisha mto ulioganda, nusu ya safari. Hapo nikafungulia la pili. Kilomita kumi mbele lori likakohoa, likavuta pumzi, likakohoa tena, likazima.

Ukimya wa injini iliyozima katika baridi ile hauna mfano. Nilifungua chujio, nikalikuta limejaa kitu kama mafuta ya ng'ombe yaliyolala sufuriani. Nikanusa. Pua yangu, pua ya miaka thelathini na moja, haikunusa chochote, maana katika baridi ile dizeli iliyoganda haitoi harufu. Niliwatukana waliouza mafuta, nikalitukana lori, nikamtukana na Prokopiy. Kisha nikakosa wa kumtukana, isipokuwa mmoja.

Nikachoma tairi la akiba, nikasimama kwenye moshi wake. Njia yetu ya barafu ina sheria moja, kwamba hakuna anayelipita gari lililosimama. Lakini sheria inataka gari lipite, na hakuna lililopita. Niliitazama pampu kwenye sanduku lake, nikamwaza mjukuu wangu, nikaogopa. Nasema wazi, niliogopa. Vidole vya mguu wa kushoto vilikuwa vimeacha kuuma, na hiyo si dalili njema.

Tairi lilikuwa limebaki waya niliposikia mngurumo. Alikuwa Prokopiy, na mwendo wake uleule wa bibi harusi.

Nilijiandaa kwa maneno yake. Alifungua koti, akaingiza mkono chini ya fulana, akatoa chujio jipya lenye joto la tumbo lake. Alishusha madumu mawili ya dizeli yake, akapasha mirija kwa moto, akalifunga chujio kwa mikono mitupu, ngozi ikinata kwenye chuma. Dakika ishirini na tano. Lori likaguta, likawaka.

Hapo ndipo nilipoona. Lori lake ni la aina nyingine, na chujio lake ni fupi na nene. Lile alilolilea tumboni njia nzima lilikuwa la lori langu.

"Tangulia," akasema. "Mimi nitafuata nyuma."

Pampu ilifungwa jua likizama, ile kuukuu ikiwa bado inahema. Kyunney alinitilia chai, akanipa mtoto nimshike. Prokopiy alikaa mlangoni akipakaa vidole vyake mafuta, akizungumzia bei ya samaki. Angenicheka ningepumua. Angenitukana ningemjibu. Alizungumzia samaki, mtu yule.

Jumamosi iliyofuata niliosha chupa ya jamu, nikachota, nikaitundika uani kwangu, upande wa ndani, asikoweza kuona mtu. Asubuhi nilipotoka nilimkuta Prokopiy ameegemea ua, shingo ameinyoosha ndani, anaitazama. Nikasubiri neno la maziwa. Nilikuwa nalistahili, na alikuwa na haki nalo.

Alivua glavu kwenye vile vidole vyake vilivyobambuka. Akaipandisha chupa juu ya ua, akazunguka nayo, akaitundika upya upande wa barabarani, kivulini.

"Pale ulipoiweka jua linaipiga," akasema. "Itakudanganya."

Akaenda kuzitazama zake.