Lakhra: Usipite

Mzevinar alikuwa ameongoza wageni katika milima ya Svaneti kwa miaka kumi na tisa, na asubuhi ile aligoma mbele ya watu sita waliokwisha kuvaa mbao zao za kutelezea thelujini.

"Mteremko wa Lakhra hatupandi," alisema. "Tutapitia msituni."

Jumber, mwenye nyumba ya wageni na kaka wa mumewe, akacheka. "Shemeji, umeamkia upande gani leo? Watu wametoka Tbilisi kwa ajili ya Lakhra. Huko msituni wataona nini, kuni?"

"Wataiona siku ya kesho, wakiwa hai."

Upepo ulikuwa umevuma siku mbili mfululizo, ukirundika theluji mpya kwenye mteremko ule. Alfajiri Mzevinar alichimba shimo pembeni yake, akatia mkono. Juu palikuwa pagumu kama ubao. Chini yake mlikuwa na chembe kavu zisizoshikana, zikamwagika kiganjani kama sukari. Mtu mmoja akikanyaga pabaya, ubao wote unateleza na kumfukia.

"Babu zetu walipita pale bila kuchimba vishimo," alisema Jumber.

"Na wengine wao tuliwapata mwezi wa tano, theluji ilipoyeyuka. Nenda makaburini ukawaulize."

Jumber akachukua mbao zake mwenyewe. "Anayemwogopa mwanamke huyu abaki. Asiyeogopa, twende."

Watatu wakamfuata. Mzevinar akasimama katikati ya njia, mikono kiunoni. Jumber akampita pembeni, kama mtu anavyompita ng'ombe aliyelala barabarani.

"Basi vukeni mmoja mmoja!" akawapigia kelele. "Msifuatane!"

Hawakusikia, au walijifanya hawasikii. Akachukua beleshi, akasimama chini, mahali pa salama, kwa saa mbili, akiwatazama wakiwa vidoa vinne juu kabisa. Alikuwa na hasira nao, na bado angewachimbua kwa kucha.

Walishuka salama, wakipiga vifijo.

Mezani, Jumber alikata mkate wa nyama na kuinua kipande. "Mpeni shemeji kikubwa! Leo amenusurika kifo akiwa amesimama tu!"

Wageni wakaangua kicheko. Hata wale watatu waliobaki naye walicheka kidogo, macho kwenye sahani.

Mzevinar hakukipokea. "Umepita, Jumber. Hujashinda. Kesho nitawaambia hivyo hivyo."

"Kesho huna kazi hapa."

"Mdomo ninao."

Asubuhi alichimba shimo jingine. Chembe zilikuwa zile zile. Aliporudi, akaandika kwa chaki kwenye mlango wa ghala lake, ulioelekea barabarani: LAKHRA: USIPITE. UBAO JUU YA SUKARI. Kabla ya saa sita Jumber alikuwa ameufuta kwa mkono wa koti. Mzevinar akaandika tena. Jumber akaumwagia maji ya vyombo. Siku ya tatu Mzevinar alitoa rangi nyekundu.

"Kaka yangu atachukia," alisema Otia, mumewe.

"Shika ndoo."

Otia akashika ndoo. Baadaye akasema herufi ya mwisho imepinda, akainyoosha mwenyewe.

Kila siku Mzevinar alipanda, akachimba, akarudi kuandika tarehe chini ya maneno yale. Waongozaji wa nyumba nyingine wakaanza kusimamisha magari kusoma. Baadhi walicheka, wakaenda Lakhra. Wengi waligeuza, wakapitia msituni.

Mwezi wa nne theluji ya Lakhra iliyeyuka taratibu, bila kuporomoka hata mara moja. Jumber alikuja ghalani majirani wakiwa wamekaa juani.

"Haya, mtabiri," alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Uko wapi mlima wako ulioanguka?"

Mzevinar alikuwa akikwangua rangi ya zamani, apake maonyo ya mawe yanayobingirika majira ya kuyeyuka theluji. Hakugeuka.

"Haukuanguka, nami nashukuru. Sasa sogea, shemeji, umeniziba mwanga."