Jina la Baba Kwenye Kadi

"Likuze," baba alisema.

Binti akalikuza. Alikuwa msanifu wa kadi katika kiwanda kile cha uchapaji, na kadi iliyokuwa kwenye kompyuta ilikuwa ya harusi yake mwenyewe. Baba yake alisimama nyuma ya kiti, pumzi zikimpiga binti shingoni, akitaka jina lake likae juu kabisa, kwa herufi nzito, lipigwe mstari, litiwe kivuli. Jamani, herufi ikishakuwa nzito, ikapigwa mstari, ikavishwa kivuli, imebaki nini, kufungiwa king'ora? Msanifu huchagua njia moja ya kumwambia msomaji aanzie hapa. Akizitumia zote kwa mpigo, anampigia makelele. Lakini nani angemwambia hivyo mzee yule?

Kando ya mlango, juu ya marobota ya karatasi, Mama Mdogo alikuwa ameketi na mkoba wake mapajani. Huyu ndiye mke aliyeachiwa mtoto asiye wa tumbo lake siku baba alipoaga kwamba anakwenda kutafuta kazi, akapotelea huko huko mpaka mtoto akawa mtu mzima. Sasa karudi, posa imeshapokelewa, kaja na sharti lake: jina lake peke yake kwenye kadi, la sivyo hasimami mbele ya watu kumwoza binti. Na wakwe walishakata kauli kwamba bila mzazi kusimama, harusi haipo. Mama Mdogo aliombwa asimame yeye, akakataa katakata, hata kutajwa kwenye kadi hakutaka. "Sikukuzaa mimi, mwanangu. Watu watanicheka."

"Na Mama Mdogo?" binti aliuliza.

"Si umemsikia mwenyewe? Hataki kutajwa."

"Nataka mimi."

Baba akaguna. "Haya, mtie huko chini. Herufi ndogo."

Binti akarudi kwenye kompyuta. Alilipandisha jina la baba juu pamoja na mbwembwe zake zote, mistari ya tarehe, saa na ukumbi akaibananisha chini yake, kisha akafuta maua na urembo wote. Nusu nzima ya kadi ikabaki nyeupe. Katikati ya weupe ule akaliweka jina la Mama Mdogo, kwa herufi ndogo, nyembamba, zisizo na pambo. Alijua vizuri anachokifanya. Jicho likichoshwa na msongamano hukimbilia penye hewa, na likikuta kitu kimoja hapo, linatua. Alifanya kwa hasira, tusidanganyane, tena huku akiogopa vibaya sana.

Baba akatazama. La kwake kubwa, la mwenzake dogo. Akaridhika, akaomba kalamu, maana pale kiwandani hakichapwi kitu kabla mteja hajatia saini kwenye nakala ya mfano.

Nakala ikatoka. Fundi mashine, hana hili wala lile, akaichukua ampelekee mzee, akaitupia jicho njiani.

"Kumbe huyu mama ndiye mwenye shughuli?" akauliza.

Baba akampokonya karatasi. Akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. Binti aliyaona macho yake yakianzia juu, yakiteleza, yakitua pale pale chini, yakipandishwa kwa nguvu, yakiteleza tena.

"Umenifanyia nini hapa?"

Angeweza kusingizia mashine. Angeomba radhi, akaijaza ile nafasi maua, na harusi ikapona. Akapiga moyo konde.

"Sijakupunguzia kitu, Baba. Ulitaka ukubwa, nimekupa wote. Hapo chini nimeipanga nyumba kama ulivyoiacha. Ilikuwa tupu hivyo, na yeye peke yake ndani."

"Toa hilo jina."

"Sitoi."

"Basi tafuta wa kukuoza." Akaitupa nakala mezani, akawapa kisogo. Hatua zake zikasikika nje, kisha lango likabamizwa.

Binti akajiinamia. Harusi imekwenda na maji, tena kwa mkono wake mwenyewe. Machozi yakamtoka, na aibu ya kumtazama Mama Mdogo ikamzidi. Atamwambia nini mwanamke aliyeomba tu aachwe nje ya mambo haya?

Mama Mdogo alikuwa ameshainuka. Aliichukua nakala, akavaa miwani, akausoma ule mstari wake mmoja kwa muda mrefu, midomo ikicheza.

"Wakwe zako wanapatikana nyumbani saa hizi?"

"Wapo. Kwani vipi?"

"Naenda kuwaambia mzazi wa kusimama yupo." Akaichukua kalamu, akatia saini polepole, akamkabidhi fundi mashine karatasi.

Binti alijifuta machozi kwa kiganja. "Na jina la Baba? Nilifute?"

"Liache," Mama Mdogo alisema. "Ni baba yako."